Polisi wamefunga jalada, chuo kimefungua lake: mamlaka ya nidhamu yanaanzia wapi?

Msomaji wetu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, ameandika hivi: "Mlezi wa wanafunzi ameniita na kunikabidhi barua ya kunisimamisha masomo 'hadi hapo suala langu litakapoamuliwa'. Barua inataja mambo mawili: kwamba ripoti yangu ya utafiti inafanana mno na ya mwenzangu, na kwamba nilipigana na mwanafunzi mwingine katika nyumba ya kupanga iliyo nje ya eneo la chuo. Ugomvi ule ulifika polisi, nikahojiwa, na jalada likafungwa bila kufikishwa mahakamani. Chuo kinapata wapi mamlaka ya kuniadhibu kwa jambo ambalo dola yenyewe imeliacha? Na je, nikikataa kwenda mbele ya kamati ya nidhamu, wanaweza kunifanya nini?"

Ndugu msomaji,

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lisiloweza kusubiri. Usikatae kwenda. Karibu kanuni zote za nidhamu ambazo nimewahi kuzisoma zinairuhusu kamati kusikiliza shauri bila mtuhumiwa kuwapo, mradi awe ameitwa ipasavyo na kupewa muda wa kujiandaa, na anayesusia kikao huiachia kamati maelezo ya upande mmoja, kisha hurudi kulalamika kwamba hakusikilizwa. Malalamiko ya namna hiyo hayafiki mbali. Nimewahi kuketi kwenye kamati hizi, na baadaye nimewasaidia wanafunzi kuandaa utetezi wao, na mara kadhaa nimeona kiti kilichoachwa wazi kikimdhuru mtuhumiwa kuliko ushahidi wenyewe.

Sasa tuje kwenye mamlaka. Chuo kikuu hakizaliwi na uwezo wa kumwadhibu mtu, hupewa. Sheria au hati iliyokianzisha huwapa baraza la chuo na seneti uwezo wa kutunga kanuni, kanuni hizo huunda ofisi na kamati, na kamati hupata kutoka humo makosa inayoweza kuyasikiliza na adhabu inazoweza kuzitoa. Sambamba na mnyororo huo yapo makubaliano: siku ulipokubali nafasi ya udahili uliweka saini kwamba utazifuata kanuni, hata kama, kama wengi wetu, hukuzisoma. Chuo cha binafsi huegemea zaidi kwenye makubaliano hayo. Chuo cha umma huegemea kwenye sheria, na kwa sababu hiyo hubanwa na masharti yanayobana kila ofisi ya umma. Kwa vyovyote vile, uamuzi wowote juu yako unapaswa kuweza kufuatwa kurudi nyuma hadi kwenye kifungu fulani, na pale kifungu kinapokosekana, mamlaka nayo hayapo, hata kama anayeongea amevaa joho.

Nasema hivi kwa sababu mamlaka haya yamebadilika sana umbo, na masalia ya maumbo ya zamani bado yamo katika vichwa vya watawala na wanafunzi. Katikati ya karne ya 12 mfalme Frederick Barbarossa wa Ujerumani aliwapa wanafunzi waliosafiri mbali kutafuta elimu, hasa wale wa sheria waliokwenda Bologna, Italia, haki ya kushtakiwa mbele ya mwalimu wao au askofu wa mji badala ya mahakama za kawaida. Wakati huo nidhamu ya ndani ilikuwa kinga: ilimlinda mgeni asiye na ndugu mjini dhidi ya wenyeji waliomtazama kama mfuko wa fedha. Baadaye kinga ikageuka kuwa utawala kamili. Vyuo vya Ujerumani vilikuwa na magereza yao ya wanafunzi, na lile la Heidelberg lilitumika hadi 1914. Kuta zake zimejaa michoro ya waliofungwa humo, ambao inaonekana hawakuteseka sana. Nchini Marekani, mahakama ya Kentucky iliamua mwaka 1913, katika shauri lililohusu Chuo cha Berea, kwamba wakuu wa chuo wanasimama mahali pa mzazi na wanaweza kuweka amri yoyote ambayo mzazi angeweza kuiweka. Aliyeshtaki hakuwa hata mwanafunzi. Alikuwa mwenye mgahawa aliyepoteza wateja baada ya chuo kuwakataza wanafunzi kula kwake.

Fikra hiyo ya chuo kama mzazi ilipata pigo kubwa mwaka 1961. Mwaka uliotangulia, wanafunzi weusi wa Chuo cha Jimbo la Alabama waliingia kwenye mgahawa wa jengo la mahakama mjini Montgomery, uliohudumia wazungu pekee, wakaomba kuhudumiwa. Baadhi yao walifukuzwa chuoni bila kuitwa wala kusikilizwa. Katika shauri linalojulikana kwa jina la Dixon, Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tano iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi kwa utovu wa nidhamu bila kumpa taarifa ya tuhuma na nafasi ya kujitetea. Ikaongeza kwamba apewe majina ya mashahidi waliotoa maelezo dhidi yake na muhtasari wa yale waliyoyasema. Mahakama hiyo haikuilazimisha kamati ya chuo igeuke mahakama kamili yenye mawakili na taratibu zote za ushahidi. Uwiano huo, wa kusikilizwa kwa haki bila kuigiza mahakama, ndio unaokutwa leo katika nchi nyingi, kila moja ikiwa imeufikia kwa njia yake.

Kwa hiyo ukiniuliza chuo kinapata wapi mamlaka ya kukuadhibu, jibu langu ni kwamba kinayapata kutoka kwenye kanuni zake, na kina mamlaka hayo pale tu kinapozifuata. Chuo kikishaacha kuzifuata, adhabu yake inaweza kutenguliwa hata kama ulilotuhumiwa ulilitenda kweli. Wanafunzi wengi hawaliamini jambo hilo, na wakuu wengi wa vyuo hawalipendi.

Barua yako imechanganya tuhuma mbili ambazo, kwa maoni yangu, hazikupaswa kukaa katika karatasi moja. Hofu yangu ni kwamba mjumbe akishasoma kwamba umepigana ataiangalia ripoti yako kwa jicho la mtu anayemtazama mkorofi, na akishasoma kwamba umenakili ataamini upesi kwamba ndiwe uliyeanza ugomvi. Omba kwa maandishi kwamba kila tuhuma isikilizwe na kuamuliwa peke yake, ikiwezekana siku tofauti. Kamati inaweza kukataa, lakini ombi litabaki kwenye kumbukumbu.

Tuhuma ya ripoti ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa inakaa kwenye mpaka kati ya hukumu ya kitaaluma na hukumu ya nidhamu, na mpaka huo una uzito mkubwa kisheria. Mwalimu anaposema kazi yako ni dhaifu na inastahili alama 38, anatumia utaalamu wake, na mahakama duniani kote husita kuingilia. Mwaka 1978 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ililisema hilo waziwazi katika shauri la Horowitz, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Missouri aliyeondolewa masomoni kwa sababu ya udhaifu katika mafunzo ya wodini: kupima ufanisi wa mwanafunzi hakudai kikao cha kusikiliza pande mbili, kwa sababu walimu walikuwa wamemwonya mara kadhaa na kumpima kwa makini. Lakini mwalimu anaposema kwamba kazi hii si yako, hapimi tena ubora wa kazi. Anadai kwamba jambo fulani lilitendeka, tena jambo la udanganyifu, na dai la namna hiyo linahitaji ushahidi na jibu la mtuhumiwa kama tuhuma nyingine yoyote.

Hapa ndipo vyuo vingi vinapojikwaa. Mwalimu aliyeudhika, au aliyechoshwa na urefu wa taratibu za kamati, huamua kumpa mwanafunzi sifuri na kuliita jambo hilo "tathmini". Ile si tathmini, ni adhabu iliyovikwa nguo za alama. Kama ripoti yako imekwisha kupewa sifuri kabla kamati haijaketi, lieleze hilo katika utetezi wako na uulize ni kifungu kipi kinachomruhusu mwalimu kuadhibu peke yake. Baadhi ya kanuni zinamruhusu kwa makosa madogo, kwa mfano kunukuu vibaya kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kama ndivyo, basi ombi lako litajibiwa kwa kuonyeshwa kifungu hicho.

Kuhusu ushahidi wenyewe, elewa kwanza unatuhumiwa kwa lipi hasa. Kufanana kwa kazi mbili kunaweza kuwa na maana nne: ulinakili kwake, alinakili kwako, mliandika pamoja kazi iliyotakiwa kuandikwa na kila mtu peke yake, au wote wawili mlitumia chanzo kimoja bila kukitaja. Kila moja ni kosa tofauti, na nyingine huenda si kosa lako kabisa. Barua inayosema tu kwamba kazi "zinafanana" haijakueleza tuhuma. Omba wakutajie kosa, kifungu, na kurasa zinazohusika. Ukumbuke pia kwamba katika kanuni nyingi nia si sharti la kosa la wizi wa maandishi: aliyesahau kuweka alama za kunukuu naye huhesabiwa amekosea, ila nia ndiyo inayoamua ukali wa adhabu. Utetezi wa "sikukusudia" kwa hiyo una nafasi yake, lakini uweke mahali pake, yaani kwenye adhabu.

Programu za kupima ufanano hutoa asilimia, na asilimia hiyo haisemi nani alinakili wala kama kuna aliyenakili. Orodha ya marejeo, maelezo ya mbinu za utafiti na dodoso la pamoja vinaweza kuipandisha bila kosa lolote. Vitambuzi vinavyodai kujua kama maandishi yametungwa na akili mnemba ni dhaifu zaidi. Kampuni ya OpenAI yenyewe iliiondoa programu yake ya namna hiyo Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Kamati makini huichukua namba kama sababu ya kuanza kuuliza, kisha hutafuta ushahidi halisi: nani alikuwa na faili la mwenzake, lini, na makosa gani ya pekee yamejirudia katika kazi zote mbili. Kwa upande wako, kusanya rasimu, historia ya faili inayoonyesha siku na saa ulizoandika, daftari la takwimu ulizokusanya, na barua pepe ulizobadilishana na msimamizi wako. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa mdomo kwa nini alichagua sampuli ile na kwa nini jedwali la tatu lina upungufu huwa amejitetea vizuri kuliko mwenye kurasa kumi za viapo. Niliwahi kumwona kijana aliyeleta barua za sifa kutoka kwa kila kiongozi aliyemfahamu, lakini hakuleta hata rasimu moja. Wajumbe walizisoma barua zote kwa heshima, na hawakuwa na lolote la kumwuliza.

Ugomvi una maelezo mafupi zaidi. Polisi kufunga jalada hakumaanishi kwamba imethibitika hukupigana. Kunaweza kumaanisha kwamba ushahidi haukutosha kwa kiwango cha mahakama ya jinai, ambako kosa lazima lithibitishwe pasipo kuacha shaka yenye msingi, au kwamba mlalamikaji aliamua kutoendelea. Kamati ya chuo kwa kawaida hutumia kiwango cha chini zaidi, kile cha mizania ya uwezekano: je, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba lilitokea kuliko kwamba halikutokea? Swali la kamati pia ni tofauti. Mahakama huuliza kama ulivunja sheria ya nchi. Chuo huuliza kama ulivunja masharti ya kuwa mwanajumuiya wake. Ndiyo maana hata mtu aliyeachiwa huru na mahakama anaweza kuitwa na chuo, na kwa kawaida hilo halihesabiwi kuwa ni kushtakiwa mara mbili kwa kosa moja.

Hoja yenye nguvu kwako ni mahali. Chuo hakina mamlaka juu ya maisha yako yote, na kwa tukio la nje lazima kionyeshe kwamba kanuni zake zinafika huko na kwamba tukio lina uhusiano wa kweli na chuo. Kwa bahati mbaya, aliyeumia ni mwanafunzi mwenzako, na uhusiano huo ndio kanuni nyingi huutaja kwanza, kwani mtu hawezi kusoma kwa utulivu darasa moja na aliyempiga. Nisingejenga utetezi wote juu ya ukuta wa chuo. Ningeuliza kama kanuni zilizokuwa zikitumika siku ya tukio zilitaja makosa ya nje, na kisha ningehamia kwenye yaliyotokea hasa siku hiyo. Na tafadhali mkumbuke yule mwingine: naye ana haki ya kusikilizwa na ya kutotishwa, na ujumbe wowote utakaomtumia sasa, hata wa kuomba msamaha, unaweza kusomwa kama jaribio la kumnyamazisha. Pitia kwenye ofisi. Kama jalada la polisi linaweza kufunguliwa tena, mwone wakili kabla ya kuandika maelezo, kwa sababu utakachokisema mbele ya kamati kinaweza kuombwa na polisi.

Sasa kuhusu kusimamishwa. Kusimamishwa kwa muda wakati wa uchunguzi si adhabu, na ndiyo maana huwezi kudai kwamba ulipaswa kusikilizwa kikamilifu kabla yake. Lakini ili kubaki si adhabu, sharti kuwe na sababu mahususi, kama usalama wa mtu au ulinzi wa ushahidi, kuwe na ukomo au tarehe ya kupitiwa upya, na kutolewe na mtu mwenye uwezo huo. Barua yako imesainiwa na mlezi wa wanafunzi. Katika kanuni nyingi uwezo wa kusimamisha masomo uko kwa makamu mkuu wa chuo, naye anaweza kuukasimu, ila kukasimu huko kunatakiwa kuwe kumeruhusiwa na kanuni. Angalia kifungu. Tena, kwa tuhuma ya kunakili ripoti ambayo tayari iko mikononi mwa chuo, siioni hatari yoyote inayozuiwa kwa kukuweka nje ya darasa. Kama ipo, iko kwenye ugomvi, na hata huko pengine ingetosha kukukataza kukaribia bweni fulani. Omba kusimamishwa kupunguzwe kufike hapo, na uombe ruhusa ya kufanya mitihani iliyo karibu, matokeo yakizuiwa hadi uamuzi utolewe.

Usitegemee, hata hivyo, kwamba kosa la utaratibu litakufutia kila kitu. Mwaka 1971, katika shauri dhidi ya Chuo Kikuu cha Keele nchini Uingereza, mahakama ilikubali kwamba makamu mkuu wa chuo alikosea alipomtoza mwanafunzi faini na kumwondoa katika makazi ya chuo bila kumsikiliza, kisha ikakataa kumpa nafuu yoyote, kwa kuwa ukweli wa tukio haukupingwa na adhabu ilionekana inastahili. Wanafunzi walikuwa wamesimama uchi eneo la chuo, jambo ambalo ni vigumu kulitolea maelezo mapya. Fundisha utetezi wako kusimama kwa miguu miwili, wa utaratibu na wa ukweli.

Siku ya kikao, unastahili mambo ambayo sheria imeyatambua kwa muda mrefu. Mwaka 1723 mahakama ya Uingereza iliamuru Chuo Kikuu cha Cambridge kimrudishie mwanazuoni Richard Bentley shahada zake alizovuliwa bila kuitwa, na jaji mmoja akakumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumwuliza alichokifanya. Unastahili kuijua tuhuma na ushahidi mapema, kuujibu, na kujibu mbele ya watu ambao hawajaamua tayari. Mwalimu aliyeripoti ripoti yako anaweza kuwa shahidi, lakini asiwe mjumbe. Na mlezi wa wanafunzi aliyekuchunguza asibaki chumbani wakati wajumbe wanajadiliana. Jambo hili la mwisho huvunjwa sana, mara nyingi bila nia mbaya, kwa sababu huyo huyo ndiye katibu wa kamati. Pinga kabla kikao hakijaanza, kwa upole, na uombe pingamizi liandikwe.

Ukitaka kumhoji shahidi, omba. Katika shauri la Chuo Kikuu cha Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, lililoamuliwa mwaka 1960, mwanafunzi aliyetuhumiwa kuujua mapema mtihani alilalamika kwamba hakupewa nafasi ya kumhoji shahidi mkuu. Baraza la Rufaa la London (Privy Council), lililosikiliza rufaa kutoka Ceylon, lilimjibu kwamba hakuwa ameiomba, na chuo hakikuwa na wajibu wa kumpa bila kuombwa. Uliza pia nani anaweza kukusindikiza. Kanuni nyingi hukubali mwanafunzi mwenzako au kiongozi wa serikali ya wanafunzi, na hukataa wakili isipokuwa pale adhabu inayowezekana ni kufukuzwa.

Ukikutwa na hatia katika lolote, adhabu lazima ilingane na kosa na pia na adhabu walizopewa wengine. Baina ya karipio la maandishi na kufukuzwa kuna kurudia kazi, kufutiwa somo, faini, fidia na kusimamishwa kwa muhula. Dai sababu za uamuzi kwa maandishi, kwa kuwa rufaa bila sababu hizo ni kupapasa gizani, na muda wa kukata rufaa huwa mfupi, pengine siku chache tu tangu upokee barua. Mahakama hufuata baada ya kumaliza ngazi za ndani, na kwa kawaida itachunguza namna uamuzi ulivyofikiwa bila kuketi upya kama kamati.

Wiki hii andika barua moja kwa makamu mkuu wa chuo, nakala kwa mlezi wa wanafunzi, ukiomba vifungu vya kila tuhuma, nakala ya ripoti ya ufanano pamoja na kurasa zenyewe, maelezo ya mashahidi wa ugomvi, majina ya wajumbe, jina la aliyeidhinisha kusimamishwa kwako na tarehe ambayo uamuzi huo utapitiwa upya, na ruhusa ya kufanya mitihani. Ipeleke kwa mkono, igongwe muhuri wa kupokelewa, na ubaki na nakala yenye muhuri huo.